Diski moja, kompyuta tatu

Ndugu zangu, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuja.

Hii niliyoishika ni eksteno ya kawaida, diski ya nje ya terabaiti 1. Wengi wenu mnayo ya namna hii kwenye mkoba sasa hivi, na ndani yake mna picha za watoto, hesabu za ofisi, rekodi za mikutano, tasnifu iliyobaki sura moja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuitumia diski moja kwenye mifumo mitatu ya kuendeshea kompyuta, yaani Windows, macOS (ya kompyuta za Mac) na Linux, bila kupoteza kitu. Nitaanza na siku ambayo kitu kilipotea.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi na mtafiti mmoja wa lugha, mtu makini sana, ambaye kwa miaka sita alikuwa akirekodi mazungumzo ya wazee. Kompyuta yake ilikuwa ya Linux, na diski yake ilifomatiwa, yaani iliandaliwa kupokea mafaili, kwa mfumo uitwao ext4, kama ilivyo kawaida ya Linux. Siku hiyo alikwenda ofisi nyingine kumpa mwenzake nakala. Alipoichomeka, kompyuta ya pale ikatoa ujumbe: diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, je, unataka kuifomati? Kijana aliyekuwa mbele ya kompyuta alidhani ni yale maswali ya kila siku, ambayo ukijibu ndiyo kazi inaendelea. Akabonyeza. Likaja dirisha la pili la kumtahadharisha, akabonyeza tena. Hazikupita sekunde kumi. Diski ikafunguka vizuri kabisa, na haikuwa na hata faili moja.

Nililetewa jioni ile ile, bahati nzuri kabla hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Tuliiendesha PhotoRec usiku kucha, programu ya bure inayopekua diski kipande kwa kipande na kuyatambua mafaili kwa umbo lake la ndani. Sauti nyingi zilirudi. Majina hayakurudi. Faili lililokuwa na jina la mzee, kijiji na tarehe sasa liliitwa f0483328.wav, na chini yake lingine la namba, na lingine. Ilibidi mwenzangu akae na vipokea sauti masikioni, asikilize moja baada ya jingine, amtambue mzungumzaji kwa sauti. Baadhi ya wazee walikuwa wameshafariki. Kazi ile ilimchukua miezi minne, na zipo sauti ambazo mpaka leo hazijapata mwenyewe.

Kirusi hakikuwapo. Kebo ilikuwa nzima na diski ilikuwa nzima. Kilichotokea ni lugha gongana, na ndiyo maana nimekuja kusema nanyi: ujumbe ule wa kufomati ukikujia, maana yake halisi ni kwamba kompyuta imeshindwa kuisoma diski. Haijui kama ndani mna kitu au hamna. Jibu lako ni hapana. Funga dirisha, itoe diski kwa utaratibu, irudishe kwenye kompyuta ilikotoka. Mkisahau mengine yote ya leo, hilo mbaki nalo.

Sasa tuangalie kwa nini kompyuta ishindwe kusoma.

Ichukulieni diski kama stoo kubwa yenye rafu mamilioni. Mizigo imepangwa humo, lakini hakuna awezaye kuipata bila daftari la mtunza stoo, linaloonyesha faili gani linaanzia rafu ipi na linaishia ipi, lina ukubwa gani, na rafu zipi ziko wazi. Daftari hilo, pamoja na kanuni za kuliandika, ndilo linaloitwa mfumo wa mafaili. Kufomati ni kufungua daftari jipya. Ukifomati kwa njia ya haraka mizigo yenyewe hubaki kwenye rafu kwa muda, ila daftari la zamani limeondoka, na kila mzigo mpya utakaoingia unaweza kuwekwa juu ya ule wa zamani. Ndiyo maana PhotoRec iliweza kuzipata sauti, na ndiyo maana haikuweza kuyapata majina: majina huandikwa kwenye daftari.

Kila mfumo endeshi umekua na daftari lake. Windows inatumia NTFS, iliyokuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Apple ilitumia HFS Plus kuanzia 1998, kisha mwaka 2017 ikahamia APFS. Linux imepitia vizazi kadhaa hadi kufika ext4, iliyotangazwa kuwa tayari kwa matumizi mwaka 2008. Kila daftari liliandikwa na watu waliokuwa wakitatua shida za nyumbani kwao, na hawakuwa wakimfikiria mtu atakayeibeba diski kwenda kwa jirani.

Matokeo yake hayako sawa pande zote, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Windows, kama ilivyo inapotoka kiwandani, haiisomi APFS, wala HFS Plus, wala ext4. Linux ndiyo yenye ukarimu zaidi. NTFS inaisoma na kuiandika, kwanza kwa msaada wa programu ya NTFS-3G iliyokomaa mwaka 2007, na tangu toleo la 5.15 la Linux la mwaka 2021 kwa kiendeshi (programu ya kuusoma na kuuandika mfumo huo) kilichochangiwa na kampuni ya Paragon na kuingizwa ndani ya Linux yenyewe. Na macOS iko katikati, kwa namna inayowasumbua watu kuliko zote: diski ya NTFS inaisoma, lakini haiiandiki.

Mmeshaliona hilo. Mtu anachomeka diski ya kazini kwenye Mac, inafunguka, picha zinaonekana, video zinacheza. Anavuta faili kuliingiza ndani, linagoma. Anabofya kulia ili abandike, neno la kubandika limefifia. Anaanza kudhani diski imefungwa, au imejaa, au imeanza kufa. Yuko mtu aliyeniambia amenunua diski mpya kwa sababu hiyo, na ile ya kwanza ilikuwa haina ugonjwa wowote. Ukiwa kwenye Mac, ibofye diski mara moja tu na uombe maelezo yake; pale pameandikwa aina ya mfumo wa mafaili. Ukiona NTFS, umeshapata jibu. Zipo programu za kulipia zinazoiongezea Mac uwezo wa kuandika NTFS, na kwa anayelazimika kila siku zinafaa. Kwa wengine ipo njia nyepesi zaidi.

Njia ya kale ya kukutana katikati ilikuwa FAT. Asili yake ni mwaka 1977, na sura yake tunayoijua wengi, FAT32, ilitoka 1996. Karibu kila chombo kinaielewa: kompyuta zote tatu, kamera, televisheni, redio ya gari, printa. Kwa flashi ndogo ya kubebea nyaraka bado inatosha kabisa. Tatizo lake liko mahali pamoja: ukubwa wa faili umewekewa biti 32 za kuandikia, kwa hiyo faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Hiyo ni gigabaiti 4 kasoro baiti moja, kwa hesabu ya kompyuta. Mpiga video anakuja na faili la gigabaiti 6 la sherehe nzima, diski ina nafasi ya gigabaiti 900, na kompyuta inakataa ikisema faili ni kubwa mno. Anafuta vitu ili aongeze nafasi. Anafuta tena. Hata akifuta vyote, faili lile halitaingia.

Hapo ndipo ilipokuja exFAT. Microsoft iliitoa mwaka 2006, ikiwalenga zaidi watumiaji wa flashi na kadi za kumbukumbu, na mwaka 2009 kadi za SDXC zikaichukua kuwa mfumo wao. Mpaka ule wa gigabaiti 4 haupo tena. Mac ilianza kuielewa na toleo la 10.6.5 mwaka 2010. Linux ndiyo iliyochelewa, na sababu kubwa ilikuwa ya kisheria: kanuni za exFAT zilikuwa chini ya hataza za Microsoft, kwa hiyo watumiaji wa Linux walilazimika kuongeza programu ya pembeni wenyewe. Tarehe 28 Agosti 2019 Microsoft ilitangaza kwamba inaichapisha kanuni kamili ya exFAT na inaunga mkono iingizwe kwenye Linux. Mwaka huo huo ikaingia katika toleo la 5.4, na mwaka uliofuata, katika toleo la 5.7, kikaja kiendeshi bora zaidi kilichotoka Samsung.

Naisimulia habari hii kwa furaha, kwa sababu nakumbuka tulivyokuwa tukibeba diski mbili kwa kazi moja. Leo, ukiniuliza diski ya kuzunguka kati ya mifumo yote mitatu ifomatiwe kwa nini, nakujibu exFAT, sina haja ya kufikiri mara mbili.

Lakini lazima niwaambie inapokosa nguvu. NTFS, APFS na ext4 kila moja ina njia ya kujilinda pale kazi inapokatika ghafla. NTFS na ext4 kwa mfano huandika kwanza pembeni kwamba naanza badiliko fulani kwenye daftari, kisha hulifanya, kisha huandika nimemaliza. Umeme ukikatika katikati, diski ikirudishwa mfumo husoma pale pembeni na kujua pa kuanzia. exFAT haina kinga hiyo. Ukiichomoa wakati daftari linaandikwa, daftari linabaki nusu, na folda nzima inaweza kuonekana tupu au kuwa na majina ya ajabu.

Naomba muitazame taa hii ndogo ya diski yangu. Ninanakili faili la gigabaiti 3 kutoka kwenye hii kompyuta ya Linux. Mstari wa maendeleo unakimbia, umefika mwisho, dirisha limejifunga. Mtu mwenye haraka angeshachomoa. Taa je? Bado inapepesa. Kompyuta ilichofanya ni kulipokea faili kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikakuambia tayari, na sasa ndiyo inalishusha kwenye diski taratibu. Nabofya alama ya kuitoa diski. Inaniambia nisubiri, data bado zinaandikwa. Tunasubiri... taa imetulia, na ujumbe umekuja kwamba sasa naweza kuichomoa. Mmeona muda uliopita kati ya dirisha kujifunga na taa kutulia. Kwenye flashi ya polepole muda huo unaweza kuwa dakika nzima.

Windows kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka 2018, imepangwa isiyashikilie sana kwenye kumbukumbu ya muda maandishi yanayokwenda kwenye diski za nje, kwa hiyo hatari imepungua kidogo. Mimi bado huitoa kwa utaratibu kila mara, kwa sababu diski inayozunguka haijui leo iko kwenye kompyuta gani. Na ukishaichomoa vibaya, ukairudisha kwenye Mac na isionekane, usiichomoe tena kwa hasira. Mara nyingi Mac inakuwa inaikagua kimya kimya, na diski kubwa ya exFAT inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kutokea. Iache. Kwenye Windows unaweza kuikagua mwenyewe kwa amri ya chkdsk, na kwenye Mac kwa kitufe cha huduma ya kwanza ndani ya programu yake ya Disk Utility.

Jambo jingine kuhusu exFAT ni upana wa rafu zake. Kwenye diski iliyozidi gigabaiti 32, Windows huipa exFAT rafu za kilobaiti 128, na rafu moja haichukui mafaili mawili. Faili la maandishi la kilobaiti 2 litakaa peke yake kwenye kilobaiti 128. Mwenye video hatalihisi hilo. Mwenye folda la mafaili madogo 10,000, ambayo kwa uzito wake halisi ni megabaiti 20, ataona yamekula zaidi ya gigabaiti 1. Dawa ni kulifungasha folda kuwa faili moja la zip kabla ya kulihamisha, na kunakili nako kutakwenda upesi zaidi.

Majina ya mafaili nayo yana mipaka yake. Linux inakubali karibu herufi yoyote isipokuwa mkwaju (/). Windows inakataa nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, alama za kunukuu mbili mbili, mstari wima na mabano ya pembe. Sasa zipo programu za kurekodi kwenye Linux zinazolipa faili jina la saa, mathalani 14:30 na nukta mbili zake katikati. Nyumbani faili linafunguka bila shida. Ukilipeleka kwenye diski ya exFAT linakataliwa, na ujumbe unaotolewa hausemi lolote kuhusu nukta mbili. Andikeni 14-30, mtakuwa mmejiokoa.

Na zingatieni herufi kubwa na ndogo. Kwenye ext4, Ripoti na ripoti ni mafaili mawili. Kwenye exFAT ni jina moja. Ukinakili folda lenye yote mawili, kompyuta itakuuliza kama ubadilishe lililopo, na ukikubali bila kusoma, moja limefunikwa. Napendekeza mzoee kuandika majina yote kwa herufi ndogo, hasa kama mnafanya kazi kwa kikundi.

Kuna watu huja kwangu na hofu ya virusi kwa sababu wameona vitu wasivyoviweka wao: faili linaloitwa .DS_Store, au kila picha ina mwenzake mdogo anayeanza na nukta na kistari cha chini. Hivyo huachwa na Mac. Folda la System Volume Information huachwa na Windows. Ni kumbukumbu zao za kazi, hazina madhara.

Kuhusu kufomati kwenyewe, hakikisheni kwanza kilichomo kimenakiliwa kwingine na nakala zimefunguliwa zikasomeka. Kuziona zimeorodheshwa hakutoshi, zifungueni. Kwenye Mac, mkiwa ndani ya Disk Utility, chagueni kuonyesha vifaa vyote, ili mfomati diski nzima badala ya kipande chake cha ndani, kisha exFAT, na kwenye mpangilio, yaani namna diski inavyogawanywa vipande, mchague GUID. Mpangilio wa zamani, MBR, unaishia terabaiti 2 kwa diski za kawaida. Ubakizeni kwa flashi zinazokwenda kwenye televisheni na redio za zamani.

Kwa wanaobeba mambo ya siri, kila mfumo una kufuli lake la kuifunga diski kwa nenosiri: BitLocker ni ya Windows, usimbaji wa APFS ni wa Mac, LUKS ni ya Linux, na kwa kawaida hazifunguliani milango. VeraCrypt inafanya kazi kwenye zote tatu, mradi imewekwa kwenye kila kompyuta utakayoitumia.

Mama mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: diski yake ni ya APFS, imejaa, na anayetaka mafaili ana Windows. Je, aifute aanze upya? Hapana, mama, usiiguse. Diski ibaki kwenye Mac yako, uwashe kushirikisha mafaili, na hizo kompyuta mbili ziunganishwe kwenye mtandao mmoja. Mac itasoma daftari lake yenyewe na kumpelekea mwenzake mafaili yakiwa tayari, na Windows haitahitaji kujua kabisa yalikuwa yamehifadhiwa kwa mfumo gani. Kwa mzigo mkubwa uliokwama upande mmoja, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna anayelazimika kufuta chochote.

Na hili lanipeleka kwenye ushauri ambao huutoa kwa msisitizo. Diski ya kubebea isiwe diski ya kuhifadhia. Nakala kuu ya kazi yako ikae kwenye diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa kompyuta yako mwenyewe, NTFS, APFS au ext4, ambako ile kinga niliyoieleza ipo. Time Machine ya Mac yenyewe haiikubali exFAT kwa bakapu za diski ya nje. exFAT iwe ya safari: ibebe nakala, ifike, ishushe, irudi. Mwenzangu mtafiti sasa ana diski tatu. Mbili haziondoki mezani kwake. Ya tatu ameibandikia karatasi aliyoiandika kwa mkono, exFAT, na chini yake maneno mawili: nakala tu.

Ningeomba kila mmoja wenu aibandikie diski yake karatasi kama hiyo, yenye jina la mfumo wa mafaili. Kijana yule wa ofisini angekuta imeandikwa ext4, Linux, usifomati, asingebonyeza.

Nimeleta karatasi za kubandika na kalamu, ziko hapa mezani pamoja na kompyuta tatu, moja ya kila mfumo. Mwenye diski na aje nayo, tuichomeke, tusome imefomatiwa kwa nini, tuandike. Tuanze na wale ambao ujumbe wa kufomati umeshawatokea na hawajabonyeza kitu.